Matone, vidonge, kisu au kungoja: jicho la mtoto lililovimba kwa sababu ya vimelea

Mama alitoka Kalehe na basi ya asubuhi, akafika kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, jua limeshapanda, amembeba mgongoni mtoto wa miaka sita ambaye umri wa kubebwa ulishampita. Alipoketi alifungua fundo la kitenge chake, akatoa vitu vitatu na kuvipanga mezani: kichupa cha matone kilichobaki robo, karatasi ya vidonge vya minyoo, na barua ya kituo cha afya inayosema mtoto aonwe na daktari wa macho, huenda akahitaji kupasuliwa. Matone aliuziwa na farmasi ya karibu na kwake. Vidonge alipewa na shemeji yake.

"Muganga, katika hivi vitatu nifuate kipi?"

Nimeulizwa swali hilo kwa maneno mengi, na wazazi wa Walungu, wa Idjwi, wa Mwenga, hata wa Kadutu hapa mjini ambao watoto wao hushinda likizo kijijini kwa bibi. Ni swali la haki kabisa. Matone, vidonge na upasuaji vyote ni tiba za kweli. Kila kimoja kimeokoa macho, na kila kimoja kimeharibu macho kilipotumiwa mahali pasipo pake. Ipo na njia ya nne, kungoja huku jicho likiangaliwa, ambayo wazazi wengi huipokea kama kufukuzwa mikono mitupu. Mimi ni muuguzi wa macho; sikuandikii dozi hapa, kwa sababu dozi hutokana na uzito wa mtoto na alichokiona daktari ndani ya jicho. Ninachotaka ni uingie kwa daktari ukijua cha kuuliza.

Kwanza: ni kimelea gani?

"Vimelea" ni neno moja lililobeba viumbe wasiofanana hata kidogo.

Wapo minyoo ya mbwa na paka, toksokara. Mtoto anacheza udongoni, mayai yanapanda vidoleni, vidole vinaingia mdomoni. Kiluwiluwi hutoka tumboni, husafiri na damu, na mara nyingine hukwama ndani ya jicho, kwa kawaida moja tu. Hapa wazazi hushangaa: kipimo cha choo hakitaonyesha chochote, kwa sababu minyoo hii haikomai wala haitagi ndani ya binadamu.

Yupo toksoplasma, mdogo asiyeonekana kwa macho, anayetoka kwa paka, kwenye nyama isiyoiva au maji machafu, au kwa mama aliyeambukizwa akiwa mjamzito. Huyu hutafuna retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha.

Yupo mnyoo wa usubi, ule ugonjwa wa upofu wa mtoni, anayeletwa na vinzi vyeusi vya mito yenye maji ya kasi. Ukitoka kwenye misitu ya Mwenga au Shabunda, mtaje daktari mto unaopita kijijini kwenu. Habari hiyo ina thamani kuliko vipimo vingine vya damu. Yupo na tegu wa nguruwe, ambaye mtoto wake hukaa jichoni kama kifuko cha maji chenye kitone cheupe. Na huko India kusini na Misri madaktari wameeleza watoto wa vijijini wanaooga kwenye mabwawa na mtoni, kisha wakaota vinundu vyeupe sehemu ya mbele ya jicho, vinavyohusishwa na minyoo bapa wanaopitia kwa konokono wa majini.

Tutazipimaje njia hizi nne

Kwa maswali matano, yaleyale kwa kila njia. Inapigana na nini: kimelea chenyewe, au kuvimba kunakoletwa na mwili unapokishambulia? Inafika sehemu gani ya jicho? Inaidai nini familia, kwa siku, kwa safari na kwa mikono? Inaweza kudhuru vipi? Na ni mtoto gani inayemfaa?

Swali la kwanza ndilo linalosahaulika zaidi. Ndani ya jicho, mara nyingi kinachopofusha ni vita: mnyoo mmoja, mdogo kuliko nywele ya kope, na jeshi zima la mwili linalomzunguka na kuchoma kila kilicho karibu.

Matone

*Yanapigana na nini.* Matone ya steroidi, kama prednisolone na dexamethasone, hayaui kimelea chochote. Yanatuliza vita. Hiyo si kazi ndogo, maana jicho likiachwa livimbe, kile kiwambo chenye rangi kinachozunguka mboni hugandamana na lenzi iliyo nyuma yake, mboni inapoteza umbo la duara, presha ya jicho inapanda na lenzi inaingia ukungu. Ndiyo maana daktari huongeza matone ya pili, ya kufungua mboni, kama atropini. Mwambie mwalimu: mtoto atakwepa jua na hataona vizuri maandishi ya daftari kwa siku hizo, na si uvivu.

*Yanafika wapi.* Sehemu ya mbele. Nyuma ya lenzi yanapita kidogo sana. Kidonda kikiwa kwenye retina, kutegemea matone peke yake ni kumwagia maji ukuta wa nje huku moto uko chumbani. Hapo daktari huhitaji steroidi ya vidonge, au sindano pembeni ya jicho.

*Yanadai nini.* Mikono ya mtu anayekaa na mtoto. Mwanzoni huenda yakawa tone moja kila saa mtoto akiwa macho, kisha yanapunguzwa polepole kwa majuma kadhaa. Kuyakata ghafla hurudisha ugonjwa. Prednisolone ya maziwamaziwa hutuama chini ya kichupa, kwa hiyo usipotikisa, mtoto anapata maji matupu mwanzoni na dawa kali mwishoni. Mlaze chali, vuta kope la chini, dondosha tone moja tu, kisha bana kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili ili dawa isishuke kooni. Akikataa kufumbua, dondosha kwenye kona hiyo akiwa amefumba, halafu mwambie afumbue taratibu. Tone litaingia lenyewe.

*Hatari.* Kwanza, presha ya jicho inaweza kupanda kimyakimya, na watoto hupandishwa upesi kuliko watu wazima. Matone yakitumiwa kwa miezi, huleta mtoto wa jicho. Jicho lenye kidonda cha kuvu au cha virusi vya malengelenge linaweza kuoza kwa matone hayohayo. Lakini ile hatari inayoniuma zaidi ni weupe. Matone ya mchanganyiko, antibiotiki na steroidi kwenye kichupa kimoja, huuzwa bila karatasi ya daktari, na wekundu hutoweka ndani ya siku chache. Kila mtu anashukuru Mungu na kurudi shambani.

Jicho la mtoto wa Kalehe lilikuwa jeupe safi. Mama alisema amepona. Nikafunika kwa kiganja jicho lililokuwa na wekundu zamani. Mtoto akaendelea kucheza na kifuniko cha kalamu. Nikafunika la pili, lile lililokuwa zima siku zote, akadondosha kifuniko na kuanza kuipiga mikono yangu. Mama aliona kabla sijasema neno.

Fanyeni jaribio hilo nyumbani leo, kwa kila mtoto. Kiganja kimoja, jicho moja baada ya jingine. Mtoto mwenye jicho moja zima hatalalamika, kwa kuwa hajui kuna namna nyingine ya kuona.

*Yanamfaa nani.* Mtoto ambaye kuvimba kwake kuko mbele ya jicho, aliyethibitishwa hana kidonda kwenye kioo cha jicho, ile ngozi angavu ya mbele, na ambaye mtu wa nyumbani anaweza kumleta apimwe presha. Vile vinundu vyeupe vilivyoelezwa India na Misri, vikiwa vidogo, huyeyuka kwa matone tu.

Vidonge

*Vinapigana na nini.* Na kimelea chenyewe, ila hakuna kidonge cha vimelea vyote. Kile kidonge kimoja cha minyoo kinachogawiwa shuleni ni kizuri kwa tumbo, na mtoto asikikose. Hakimtibu mnyoo wa mbwa aliyejificha jichoni.

Kwa toksoplasma, tiba ya miaka mingi ni pyrimethamine pamoja na sulfadiazine, ikifuatana na asidi foliniki ili damu isiharibike. Mahali ambapo dawa hizo hazipatikani, kotrimoksazole, ambayo wengi wetu tunaiita Bactrim, hutumika na hufanya kazi nzuri. Ni dawa ya majuma manne hadi sita, si ya siku tano. Hapa vidonge ni uti wa mgongo wa tiba: steroidi ikitolewa bila dawa ya kumzuia toksoplasma, unamfungia askari nje na kumwachia mwizi nyumba.

Kwa toksokara mambo hugeuka. Nguzo ni steroidi. Albendazole huongezwa na madaktari wengi, lakini faida yake ndani ya jicho haina uhakika kama wa steroidi. Ikiandikwa, umpe mtoto pamoja na chakula chenye mafuta, kwa mfano sombe (majani ya muhogo) iliyopikwa na mawese, kwa sababu bila mafuta dawa hii hupita tumboni bila kuingia vizuri mwilini.

Kwa usubi, dawa ni ivermectin, ile Mectizan ambayo kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure tangu 1987. Inaua viluwiluwi vinavyotembea chini ya ngozi na jichoni. Mnyoo mkubwa haimuui, na huyo huishi miaka 10 hadi 15. Ndiyo sababu kijiji kizima hupewa dawa kila mwaka, na aliyemeza mwaka jana bado anahitaji ya mwaka huu.

*Vinafika wapi.* Vinapita kwenye damu, kwa hiyo hufika nyuma ya jicho, mahali ambapo matone hayafiki.

*Vinadai nini.* Majuma ya kukumbuka, na kwa pyrimethamine kupimwa damu kila juma. Pesa ya dawa kwa kawaida ni ndogo kuliko ya safari za kwenda na kurudi. Pangeni bajeti kwa kuanzia na nauli.

*Hatari.* Kimelea kinapokufa humwaga uchafu wake, na kuvimba kunaweza kuzidi. Jicho lililokuwa linauma kidogo linaamka asubuhi limefumba. Kwa tegu wa nguruwe jambo hili ni zito sana: albendazole au praziquantel ikimuua akiwa bado ndani ya jicho, jicho linaweza kupotea. Familia inayofuga nguruwe, au mtoto aliyewahi kupata kifafa bila sababu kujulikana, macho yachunguzwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Dawa za salfa, Bactrim ikiwemo, kwa watu wachache huleta vipele vinavyochubua ngozi na midomo. Kikitokea kipele, acha dawa siku hiyohiyo na umrudishe mtoto. Ivermectin ya usubi haipewi mtoto aliye chini ya kilo 15 au mfupi kuliko sentimita 90, na aliyewahi kuishi kwenye misitu yenye mnyoo wa loa loa, ambayo kwa Kongo iko zaidi magharibi na kaskazini, lazima aseme hivyo, kwa kuwa mwenye loa loa nyingi mwilini anaweza kupoteza fahamu baada ya kumeza.

Na vidonge vya steroidi, prednisone, vina mlango wao wa hatari. Mtoto wa kijijini anaweza kuwa na minyoo midogo ya utumbo iitwayo strongiloidi ambayo imelala kimya. Steroidi ikilegeza kinga, inaenea mwili mzima na kuua. Kifua kikuu nacho huamka hivyohivyo. Muulize daktari bila aibu: "Mmeangalia kifua? Mmempa dawa ya strongiloidi?" Hakuna daktari mwema atakayekasirika.

*Vinamfaa nani.* Mtoto ambaye kimelea chake kimejulikana, au dalili zake zinaelekeza wazi, na jicho limeshaangaliwa hadi nyuma mboni ikiwa imefunguliwa.

Upasuaji

Neno "kisu" huwatoa wazazi mlangoni. Kuna papa, baba wa mtoto mmoja, aliyeniambia afadhali mtoto awe na jicho bovu kuliko asiwe nalo. Nilimwelewa, kwa sababu alidhani jicho litang'olewa. Halikuwa hilo.

*Unapigana na nini, na wapi.* Mbele ya jicho, daktari anaweza kuvuta kwa sindano kinundu kikubwa ambacho matone yameshindwa kukiyeyusha. Kifuko cha tegu hutolewa kizima. Nyuma, toksokara anapoacha kovu lenye nyuzi zinazovuta retina kama kamba za hema, upasuaji hukata nyuzi hizo kabla retina haijabanduka. Na mwishoni kabisa, lenzi iliyoingia ukungu hubadilishwa, lakini tu baada ya jicho kutulia kwa muda. Wengi husubiri miezi mitatu bila dalili ya kuvimba. Anayewaahidi upasuaji wa mtoto wa jicho juma hili huku jicho likiwa jekundu, mwombeni aeleze sababu.

*Unadai nini.* Usingizi kamili wa dawa, kwa kuwa mtoto hawezi kutulia kwa ganzi ya kawaida. Upasuaji wa retina unataka mashine na mtaalamu wasiopatikana kila mji, kwa hiyo huenda barua ya pili ikawapeleka mbali zaidi. Ulizeni kuhusu gharama yote kabla ya kuuza mbuzi: upasuaji, usingizi, kulala, matone ya baadaye. Wenye mituweli (bima) ya afya waulize mapema inalipa sehemu gani.

*Hatari* ni usaha wa ndani, kutokwa damu, na kuvimba upya. *Unamfaa* mtoto ambaye kuna kitu cha kutoa au cha kukata, na dawa peke yake haitakifikia. Upasuaji haufuti matone. Utayatia kabla na baada.

Kungoja huku jicho likiangaliwa

Kovu la zamani halina vita. Toksoplasma aliyekwisha kulala huacha alama nyeusi na nyeupe kwenye retina, na hakuna dawa inayoifuta. Hata kidonda kipya, kikiwa kidogo na mbali na kitovu cha kuona, kwa mtoto mwenye kinga nzima, kinaweza kupona chenyewe katika muda wa mwezi mmoja au miwili. Kumpa dawa nzito hapo ni kumbebesha hatari bila faida.

Kungoja kuna kazi yake. Tarehe ya kurudi imeandikwa. Mtoto anajua kusema akiona moshi au vitu kama nzi vikielea. Na kama hajafika miaka saba au minane, jicho dhaifu linaweza kufundishwa: la pili linazibwa kwa saa chache kila siku, kama daktari alivyopanga, ili ubongo usilisahau. Nimeona kazi hii ya kitambaa na gundi ikirudisha uwezo wa kuona kuliko familia ilivyotarajia, na nimeona ikiachwa siku ya tatu kwa sababu mtoto alilia.

Kwa hali yenu

Mboni ikionekana nyeupe, au picha ya simu yenye mwanga ikionyesha jicho moja linang'aa kama la paka: msichague chochote kati ya haya. Nendeni kwa daktari wa macho ndani ya siku hizi mbili tatu. Inaweza kuwa toksokara, lakini inaweza kuwa saratani ya jicho, na hizo mbili hufanana hata machoni pa mzoefu.

Jicho jekundu linalouma na kukwepa mwanga, bila matongotongo: si lile la kawaida linaloambukizana shuleni. Lichunguzwe kabla ya tone lolote la steroidi. Mkiwa mmeshaanza, leteni kichupa.

Jicho lisilo jekundu, lakini mtoto ana makengeza mapya au anasogeza daftari puani: tatizo huenda liko nyuma, na matone hayatatosha. Jiandaeni kwa vidonge, au kwa kungoja.

Mnatoka kwenye mito ya usubi: mtoto akipita kilo 15 na sentimita 90, hakikisheni yumo kwenye orodha ya mgawaji wa kijiji, hata kama macho yake ni mazima.

Mna mbwa au paka nyumbani: msiwaue. Mayai ya toksokara huhitaji majuma mawili hadi manne udongoni kabla ya kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kinachozolewa kila siku hakimdhuru mtu. Watoto wa mbwa ndio wenye minyoo mingi zaidi. Dawa yao ni rahisi kuipata kwa mganga wa mifugo.

Mkishatumia mitishamba, maziwa ya mama au kitu kingine jichoni, semeni. Sitawagombeza. Inabadilisha dawa ya kwanza nitakayogusa, kwa sababu jicho hilo linaweza kuwa na kidonda cha kuvu.

Na kwa walio mbali, kama mama wa Kalehe: tafuteni ndugu wa kuwalaza mjini kwa juma la kwanza, lile la tone kila saa na kupima presha. Yeye alilala Bagira kwa dada yake. Mtoto wake alikuwa na kidonda cha toksoplasma nyuma ya jicho, kwa hiyo vidonge vya shemeji havikuwa vyake, kichupa cha farmasi hakikufika kilipotakiwa, na kisu hakikuhitajika bado. Alipoondoka alikuwa na dawa ya majuma sita, tarehe nne zilizoandikwa kwenye karatasi moja, na kitambaa cha kuzibia jicho ambacho mtoto mwenyewe alichagua rangi.